Nauli ya Tuktuk: Nani Huipanga, na Hamsini Yetu Huenda Wapi?

Najua wengi wenu mnaokuja shuleni kwa tuktuk mmewahi, walau mara moja, kumwita dereva mwizi. Mimi nimefanya hivyo. Tena nilifanya hadharani, katika mjadala wa chama chetu cha Kiswahili, niliposimama upande wa waliosema kwamba madereva wa tuktuk hapa Malindi wanatunyonya sisi wanafunzi wa kutwa. Nilipigiwa makofi. Sikusema siku ile kwamba mjomba wangu, ndugu yake mama, ni dereva wa tuktuk, na kwamba sehemu ya karo yangu hutoka katika hizo hamsini hamsini nilizokuwa nikizilaani.

Habari zilimfikia. Malindi ni mji mdogo. Hakunigombeza. Tulipofunga shule kwa likizo ya Agosti mwaka 2025, alikuja nyumbani jioni na daftari jipya na kalamu, akaviweka juu ya mkeka akaniambia, "Mwanangu, wewe unajua hesabu. Niandikie wiki moja nzima, halafu uniambie mwizi ni nani."

Basi makala haya yametoka katika daftari hilo.

Kwanza yafaa mjue kwamba tuktuk nyingi mnazozipanda si mali ya anayeziendesha. Mwenyewe huitwa tajiri, hata kama naye ni mwalimu au muuza duka tu aliyechukua mkopo. Kila jioni dereva humpelekea tajiri kiasi walichokubaliana, na kiasi hicho kinaitwa hesabu. Hesabu ya mjomba ni shilingi 800 kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kukiwa na wateja ni 800. Kukinyesha mchana kutwa na watu wajifungie majumbani ni 800. Dereva akiharisha akashinda nyumbani, tajiri mwenye huruma atamsamehe mara moja. Mara ya pili tuktuk itapewa mtu mwingine, maana vijana wenye leseni wanaongoja nafasi ni wengi kuliko tuktuk.

Mafuta ni ya dereva. Kuosha ni kwa dereva. Pancha ni ya dereva, lakini injini ikifa ni ya tajiri, na hapo ndipo magomvi mengi huanzia, kwa sababu kila mmoja hudai mwenziwe ndiye aliyeiua.

Jumanne niliamua niandamane naye nione kwa macho yangu. Nilipanda kiti cha nyuma saa kumi na mbili asubuhi, daftari mapajani, nikijiona mkaguzi mkubwa. Tulipofika stendi ya sokoni nikatambua kosa langu. Tuktuk ina viti vitatu vya abiria, nami nilikuwa nimekalia kimoja! Mama mmoja aliyekuwa na wanawe wawili alichungulia ndani, akatuhesabu, akaenda kupanda tuktuk iliyokuwa nyuma yetu. Shilingi 150 zikaondoka hivyo hivyo. Mjomba hakusema neno. Niliteremka mwenyewe, nikahamia kwenye benchi la muuza mahamri, na kutoka hapo kazi yangu ikawa kumsubiri arudi, kuuliza mita ya kilomita inasema nini, kubeba vichwa vingapi, na kuandika. Za baada ya magharibi nilimwandikia nyumbani.

Hii hapa Jumanne nzima. Aliingiza vichwa 34, kila kimoja shilingi 50, jumla 1,700. Akapata na safari moja ya kukodiwa, wageni wenye mizigo kwenda uwanja wa ndege, shilingi 200. Mapato ya siku ni 1,900. Mtu akisikia 1,900 atasema dereva huyu ni tajiri kuliko tajiri wake. Nami ndivyo nilivyowaza, mpaka nilipoanza kutoa. Hesabu 800. Petroli lita 3 na robo, kwa bei ya takriban shilingi 183 kwa lita, ni 595. Kuosha 50. Chama cha stendi 50. Chakula cha mchana na chai, 150. Ukijumlisha utapata 1,645. Toa katika 1,900. Zimebaki 255.

Nilirudia kujumlisha mara tatu. Nilidhani nimekosea.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kilichonishangaza zaidi ya hizo 255. Siku ile mita ilisonga kilomita 78. Lakini nilipojumlisha zile safari zilizokuwa na watu ndani, nilipata kilomita 43 peke yake. Zilizobaki, kilomita 35, tuktuk ilitembea tupu. Alishusha watu Muyeye akarudi mjini bila mtu. Alizunguka mitaani kutafuta kichwa. Alikwenda kituo cha petroli, alikwenda kuosha, alirudi nyumbani usiku. Mjomba huziita kilomita za upepo. Petroli haijui kama nyuma kuna mtu au kuna upepo, inaungua vilevile.

Hapa ndipo sisi abiria tunapokosea. Tunahesabu kilomita tunazoziona. Chukua mtu anayekodi tuktuk kwa safari ya kilomita 3, aambiwe shilingi 150. Mara moja anapaaza sauti: "Kilomita tatu tu? Mafuta yake hayafiki hata shilingi 25!" Na kwa hesabu yake anasema kweli, kwa kuwa tuktuk ya mjomba hutembea kama kilomita 24 kwa lita, kwa hiyo kila kilomita hula petroli ya shilingi 7 na senti 60 hivi. Kilomita 3 ni kama 23. Ila gharama za siku ile zilikuwa 1,645, na waliozilipa ni wale waliopanda katika kilomita 43, kwani upepo haulipi nauli. Gawanya 1,645 kwa 43 utapata shilingi 38 na ushei. Kwa hivyo kila kilomita yenye mtu ilibidi ilete shilingi 38 kabla ya dereva kupata hata ya kununulia kiberiti. Mara 3 ni kama 115. Katika 150 za yule bwana, mjomba anabakiwa na 35.

Mfano wa Gede utawafaa zaidi. Alhamisi, wageni wawili kutoka Nairobi walitaka kupelekwa kwenye magofu, ule mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kutoka mjini ni kama kilomita 16. Mjomba alisema 800, na awasubiri kwa saa moja. Wakamcheka, wakamwambia matatu huwapeleka kwa pesa kidogo sana. Ni kweli, lakini matatu ya abiria 14 haiendi Gede kwa ajili ya mtu mmoja. Inaendelea Kilifi na Mombasa, ikishusha huyu na kuokota yule, na ikirudi inarudi na watu. Tuktuk ya kukodiwa ingekwenda kilomita 16 na kurudi 16, na kama wageni wangeamua kubaki huko, zile 16 za kurudi zingekuwa za upepo tupu. Petroli peke yake ni kama 244. Halafu ongeza saa mbili au zaidi ambazo hayupo stendi, na vichwa vya mjini vinachukuliwa na wengine. Hawakuelewana. Wageni walikwenda zao kungoja matatu, na mjomba akakaa stendi dakika 50 bila kichwa. Nilipomuuliza jioni kama hakujuta, alisema, "Nilijuta dakika ya arobaini."

Sasa nirudi kwenye shutuma yangu ya siku ya mjadala. Nilisema nauli yetu ilipanda kutoka 40 hadi 50 mwaka 2023, petroli ikashuka, nauli ikagoma kushuka. Nilitaka mjomba anijibu hilo kwa tarakimu, si kwa maneno matamu.

Kumbukeni mambo yalivyokuwa. Bei za petroli hapa Kenya hutangazwa na EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, tarehe 14 ya kila mwezi. Mwanzoni mwa 2023 lita moja ilikuwa chini ya shilingi 180. Mwezi wa Julai ushuru wa VAT juu ya mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na bei za dunia nazo zikapanda, mpaka Septemba lita ikavuka shilingi 200. Nairobi ilikuwa 211 na senti 64. Tuseme basi iliongezeka shilingi 35 kwa lita. Mjomba hutumia lita 3 na robo. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 114 kwa siku. Nauli nayo iliongezeka kwa 10, mara vichwa 34, ni 340! Nikamwambia, "Mjomba, mafuta yamekula 114. Hizi 226 zimekwenda wapi?"

Alitabasamu. Akasema tajiri naye alisikia redio. Hesabu ilipanda kutoka 700 hadi 800 wiki ileile. Zikabaki 126. Sahani ya wali maharagwe na chai vilitoka 100 hadi 150. Zikabaki 76. "Na hizo?" nikauliza. "Hizo ni zangu," akasema. "Bei ya unga ilipanda kwangu pia, ama kwangu hamli?" Sikuwa na la kumjibu, maana kwake ndiko tulikokuwa tumeketi tukila.

Na kwa nini haikushuka petroli iliposhuka? Piga hesabu hiyohiyo kinyume. Kutoka 212 hivi hadi 183 ni nafuu ya shilingi 29 kwa lita, yaani kama 94 kwa siku. Wagawie vichwa 34. Kila mmoja wetu angepunguziwa chini ya shilingi 3. Tajiri hakurudisha hesabu kwenye 700, na mama wa chakula hakurudisha sahani. Hata hivyo nasema, na mjomba asome hapa, shilingi 3 za watu 34 si zetu tena, zimebaki mfukoni mwa dereva, na hakuna aliyetuuliza. Kenya Serikali haitupangii nauli za matatu wala tuktuk. Hupangwa na wenye magari, vyama vyao na stendi zenyewe, na abiria hana kiti katika kikao hicho.

Jambo jingine linalotukasirisha ni bei ya mvua. Mnalijua. Wingu likitanda tu juu ya lango la shule saa kumi jioni, hamsini inageuka themanini, wakati mwingine mia. Niliuliza kama mjomba hufanya hivyo. Alinyamaza, kisha akasema hufanya, ila si kwa watoto wenye sare. Sijui. Siku ya mvua sikuwepo.

Lakini msidhani bei ya mvua ni uvumbuzi wa Malindi. Mtoto wa ami yangu anaendesha gari dogo mjini Mombasa, la kuitwa kwa simu. Uber ilianza Nairobi mwezi wa Januari 2015, baadaye ikafika Mombasa, na kampuni nyingine kama Bolt na Little nazo zikaingia katika biashara hiyo. Huko bei haipangwi kwa mdomo. Programu ndani ya simu ndiyo inayopanga, na watu wakiwa wengi kuliko magari, kwa mfano mvua ikinyesha, programu hiyo inazidisha bei yenyewe. Nilipomweleza mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mashine nayo hutazama mawingu!"

Hesabu ya simu huwa na vipande vitatu: nauli ya kuanzia, kiwango kwa kila kilomita, na kiwango kwa kila dakika. Nitatoa mfano wa viwango vya kubuni ili muone njia tu. Tuseme kuanzia ni 100, kilomita moja 30, dakika moja 4. Safari ya kilomita 5 iliyochukua dakika 15 itakuwa 100, ongeza 150, ongeza 60, jumla 310. Abiria analipa, anashuka. Kampuni inachukua kamisheni. Kwa kanuni za mwaka 2022 zinazosimamiwa na NTSA, hairuhusiwi kuzidi asilimia 18 ya nauli, na 18 katika kila 100 ya 310 ni kama 56. Dereva amebakiwa na 254. Sasa ingiza zile kilomita za upepo. Alikwenda kilomita 2 kumfuata abiria, akarudi kilomita 3 mpaka mahali penye wateja. Gari limetembea kilomita 10, si 5. Likila lita moja kwa kilomita 14, petroli ni kama 131. Zimebaki 123, na hapo tajiri wa gari bado hajapewa hesabu yake.

Kabla ya kanuni hizo madereva wa Nairobi na Mombasa walikuwa wamegoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya kamisheni na nauli ndogo. Jirani zetu Watanzania walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa ardhini, iliagiza kamisheni iwe asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake huko Aprili mwaka huo, na haikurudi mpaka Januari 2023, baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Hapo ndipo nilipoona kwamba asilimia si hesabu ya darasani. Tofauti ya 15 na 25 katika safari ya shilingi 310 ni shilingi 31. Ni vigumu kuamini kwamba shilingi 31 zaweza kuondoa kampuni kubwa katika nchi nzima, mpaka uzizidishe kwa safari za siku, na siku za mwaka.

Nilimuuliza mtoto wa ami ni ipi afadhali, bei ya simu au ya mdomo. Alisema simu haimwonei abiria mgeni, na haigombani. Ila kuna kampuni moja iliyomfungia akaunti siku nne kwa lalamiko la abiria, na hakupata mtu wa kumweleza habari yake. Stendini, alisema, ukikosana na mwenyekiti unamfuata nyumbani kwake.

Nisiwachoshe. Wiki ilipokwisha daftari lilisema hivi: Jumatatu zilibaki shilingi 410, Jumanne 255, Jumatano 330, Alhamisi 290, na kati ya hizo pancha imeshatolewa, Ijumaa 480, na Jumamosi, kwa sababu ya harusi mbili na soko, 935. Jumla 2,700 kwa siku sita. Na hiyo ni Agosti, mji una wageni. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha na hoteli nyingine zikiwa zimefungwa, mjomba asema kuna siku humpelekea tajiri 800 zote na yeye akarudi nyumbani na mfuko wa mahamri.

Jumapili jioni nilimsomea yote. Alisikiliza huku akifuta kioo cha mbele kwa gazeti. Nilipomaliza aliniuliza, "Hizo dakika za kwenye simu, mbona mimi hukuniandikia?"

Nilitazama daftari. Nilikuwa na safu ya vichwa, ya kilomita, ya petroli, ya hesabu, hata ya mahamri. Kweli sikuwa na safu ya saa zake. Nikachukua rula, nikachora mstari mwingine upande wa kulia, nikaanza na Jumanne niliyoishuhudia: kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, saa 15. Shilingi 255 gawanya kwa 15. Ni shilingi 17 kwa saa.

Jumatatu tuliendelea. Daftari ninalo mpaka leo, sasa ni la pili, na mwalimu wetu wa hesabu ameomba kuliona.